Sina Toroli: Begi la Matairi na Majina Yake

Wiki ya usajili, ukikaa kwenye kile kimbweta cha karibu na geti, huhitaji kumuuliza mtu katoka wapi. Mizigo inasema yenyewe. Yupo anayeshuka kwenye bodaboda na tranka la bati alilotoka nalo bweni la sekondari, jina lake na la shule yameandikwa kwa rangi nyeupe. Yupo mwenye shangazi kaja mbili, kulia na kushoto, kama mizani. Yupo mwenye begi la mgongoni tu, na huyo mara nyingi kwao ni hapa hapa mjini. Halafu anakuja yule mwenye begi la matairi. Anachomoa mpini wake, analiinamisha kidogo, anaondoka nalo huku linalia kwenye sementi, krrr, na kimbweta kizima tunageuza shingo.

Mimi ni mtoto wa Ikungi, mkoani Singida, na nilikuja na shangazi kaja. Ila makala hii haihusu nani alikuja na nini. Inahusu swali tuliloanza kubishania pale kimbwetani na mpaka leo halijaisha: lile begi dogo la matairi, lile ambalo watu wanapanda nalo ndani ya ndege, linaitwaje kwa Kiswahili?

Majibu yalikuwa mengi kuliko mabegi yenyewe. Jamaa wa Mwanza alisema begi la matairi, na akashangaa kwamba kuna mtu anauliza. Rumeti wangu, mtoto wa Dar, akasema "trolley", kwa Kiingereza kabisa. Binti wa Tanga akasema sanduku la kukokota. Mzanzibari mmoja akatuambia sisi wa bara tunasumbuka bure, huo ni mkoba tu, uwe na matairi au usiwe nayo. Anayesoma utalii akatukata wote: jina rasmi ni mzigo wa mkononi. Mimi nikasema la nyumbani kwetu, begi la kuburuza. Hakuna aliyeshinda, maana maghrib iliingia na mgahawa unafunga mapema.

Unaweza kusema hayo ni maneno ya watu waliokosa kazi wakisubiri bumu. Hata mimi ningesema hivyo, kama dada yangu asingesimama saa tatu kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya watu kwa sababu ya jina hilo hilo. Nitafika huko. Kwanza tuangalie mifuko mingine ilipataje majina.

Sisi Watanzania hatujawahi kungoja mtu atupe jina la mfuko. Ule wa nailoni tuliuita rambo, jina la shujaa wa filamu. Baadaye hata uliokuwa wa bluu mtupu usio na picha yoyote ukawa rambo vilevile. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Mfuko ukaondoka, jina likabaki: nenda sokoni Singida mjini leo, utamsikia mama anaomba "rambo" na anapewa mfuko wa kitambaa.

Shangazi kaja ndiyo zaidi. Jina lenyewe ni hadithi nzima kwa maneno mawili. Unamwona shangazi anashuka kwenye basi, konda anafungua buti, linatoka lile furushi la mistari ya miraba limefungwa zipu kwa shida, na watoto wanakimbia kwa sababu ndani kuna kitu chao. Mfuko ule ule, wa mistari ile ile, kule Afrika Magharibi unaitwa "Ghana Must Go", yaani Ghana lazima waondoke. Mwaka 1983 serikali ya Nigeria iliwaamuru wageni wasio na vibali watoke nchini, wengi wao wakiwa Waghana, na watu wakafungasha walichoweza kwenye mifuko hiyo. Kwetu mfuko unasema mtu amefika, kwao unasema mtu amefukuzwa. Kiwandani ulitoka hauna maana yoyote. Maana waliitia watu.

Sasa begi la matairi ni la juzi tu, na huenda ndiyo sababu jina lake halijatulia. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku lenye magurudumu mwaka 1972. Lake lilikuwa na magurudumu manne na mkanda, unalivuta nyuma yako kama mbuzi mkaidi. Mwaka 1987 Robert Plath, rubani wa shirika la Northwest Airlines, akalisimamisha wima, akaliwekea magurudumu mawili na mpini mrefu. Mwanzoni lilikuwa la marubani na wahudumu wa ndege. Abiria waliwaona wanapita nalo bila kutoka jasho, wakalitaka na wao. Fikiria: binadamu alifika mwezini mwaka 1969, kabla Sadow hajapata hataza ya sanduku lake la magurudumu.

Na msidhani wenye kitu chao wameelewana jina. Wamarekani wakitaka kusema begi la kuingia nalo ndani husema "carry-on", Waingereza husema "hand luggage". Likiwa na magurudumu wengine husema "roller bag", wengine "trolley". Waitalia walilichukua hilo neno trolley wakalifanya lao, na huko limeshakuwa jina la begi hili moja kwa moja. Kwa hiyo ugomvi wa kimbweta chetu si ujinga wa kimbweta chetu. Ni wa dunia.

Ila sisi tuna tatizo ambalo Mwitalia hana. Kiswahili kilishachukua neno hilo zamani, kikalifanya toroli, na toroli tayari lina kazi. Toroli ni lile la gurudumu moja mbele na mishikio miwili nyuma, la kubebea mchanga, matofali na madumu ya maji. Kila anayejenga anaazima toroli. Ukimwambia mtu wa Ikungi alete toroli, hataleta begi.

Halafu kuna suala la matairi yenyewe. Kutoka barabara kuu ya lami mpaka nyumbani kwetu ni bodaboda, kisha mguu, na njia ni mchanga na mbigili. Mara ya kwanza begi la namna hiyo kufika pale kwetu, lilivutwa hatua kama kumi. Matairi yakajaa mchanga, yakaacha kuzunguka, likawa linalima mfereji. Mama akalipandisha kichwani, mpini umechomoka unaning'inia nyuma kama mkia. Bibi aliyekuwa amekaa mlangoni akalitazama likipita, akauliza, "Hivi hili lina miguu, halafu sisi ndiyo tunalibeba?"

Nimelifikiria sana swali la bibi. Begi hili limetengenezwa kwa ajili ya sakafu, na mahali pasipo na sakafu linakuwa mzigo kuliko kiroba. Ndiyo maana kwetu linaitwa la kuburuza na si la magurudumu. Jina linaeleza kile ambacho begi linatutendea.

Turudi kwa dada. Ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni dada, sitaki kusikia habari za binamu. Mnajua sifa ya mikoa yetu. Watu wa Dar wakizungumzia dada wa kazi, haipiti dakika bila kutajwa Singida, Dodoma au Iringa. Dada yangu naye alipita njia hiyo. Alitoka nyumbani ana miaka 18, gauni mbili na kanga kwenye rambo, basi la alfajiri, kwenda kulea watoto wa watu mjini. Alikaa huko miaka minne. Mwaka juzi akapata wakala wa kumpeleka Muscat, Oman, kazi ile ile kwa mshahara mwingine.

Mama mkubwa akasema safari hii mwanawe haondoki na mfuko. Akauza magunia mawili ya alizeti, akaenda Singida mjini, akarudi na begi jeusi la matairi. Ukilijua soko la alizeti kwetu lilivyo msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, utaelewa begi lile lilikuwa na uzito gani hata likiwa tupu.

Jioni ya kufungasha ilikuwa kikao cha ukoo. Tiketi ilisema kilo 7 za mkononi. Baba mdogo akapinga hapo hapo: "Cha mkononi ni kile unachokishika. Hili linaburuzwa. Mkono unashika mpini tu." Mjomba akasema kama ni hivyo basi hata shangazi kaja ni la mkononi, maana nalo linashikwa. Mimi ndiye niliyekuwa chuo, nikapewa karatasi niisome. Nikawaeleza kwamba cha mkononi maana yake ni kile unachoingia nacho ndani na kukiweka juu ya kiti chako, na kingine chote kinaenda tumboni mwa ndege. Tukalipima begi kwa mzani wa kuning'iniza wa jirani anayenunua alizeti. Kilo sita na nusu. Asali tuliikatalia isiingie humo, kwa sababu kwenye safari za kimataifa viwanja vingi vya ndege haviruhusu kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100 kuingia ndani na abiria. Ikahamia kwenye shangazi kaja, katikati ya nguo. Kwenye mfuko wa mbele wa begi la matairi tukaweka vitu ambavyo dada hakutakiwa kutengana navyo: karatasi ya viza, nakala ya mkataba, daftari lenye namba ya mwenyeji wake, dawa zake za pumu. Zipu ikafungwa. Mama mkubwa akaigusa mara mbili.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe kwa sauti za WhatsApp, wiki mbili baadaye, alipopata simu.

Uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu, mambo yalikwenda vizuri. Shangazi kaja likapimwa likaenda. Viza ikaangaliwa, akaambiwa airudishe, akairudisha pale pale kwenye mfuko wa mbele. Akapita ukaguzi na begi lake, akakaa kwenye viti vya kusubiri, limesimama kati ya magoti yake. Kabla ya kupanda likatoka tangazo. Kwanza kwa Kiingereza, haraka. Kisha kwa Kiswahili: ndege imejaa, abiria wenye trolley watoe hati za kusafiria, dawa na vitu vya thamani, trolley zitachukuliwa mlangoni zikawekwe chini.

Dada anasema alilisikia lote. Aligeuka kutazama nani ana toroli. Aliyaona yale ya kusukumia mizigo kule nje, na akajiuliza nani ameingia nalo mpaka huku. Mhudumu akapita kwenye mstari akiuliza, "Dada, una trolley?"

"Sina toroli mimi," dada akajibu.

Mhudumu akaendelea mbele. Mlangoni mwa ndege akasimama kijana mwingine, hakuuliza kitu. Akafunga karatasi kwenye mpini wa begi, akampa kipande, akalichukua. Dada akadhani ndiyo utaratibu, kwamba analibebewa na atalikuta kwenye kiti. Aliuliza habari zake ndege ikiwa imeshapaa.

Akafika Muscat ana pasipoti mkononi na hana kingine. Pale uhamiaji akaulizwa karatasi ya viza. Akaeleza kwa Kiarabu cha kuunga-unga, akawekwa pembeni. Begi lilikuwa linazunguka kwenye mkanda upande wa pili, na upande wa pili huwezi kwenda mpaka upite pale. Namba ya mwenyeji ilikuwa ndani ya begi. Dawa ya pumu ilikuwa ndani ya begi, na kifua kikaanza kubana kwa baridi ya viyoyozi na hofu. Saa tatu. Mwenyeji alisubiri nje, akachoka, akaondoka, na kosa hilo dada alilipia kwa maneno makali siku zake za kwanza katika nyumba ile.

Aliyemwokoa alikuwa ofisa mmoja wa makamo aliyepita, akamsikia ananung'unika, akasimama. Wenye historia wanajua kwamba Oman kuna watu wengi wenye asili ya Zanzibar, na Kiswahili kinaishi majumbani mwao mpaka leo. Yule mzee akamwambia, "Pole mwanangu. Shanta lako liko wapi?" Dada hakuwahi kulisikia neno shanta, lakini mzee alisema huku anafanya mkono kama anayevuta kitu nyuma yake. Dada akasema, "La kuburuza, jeusi." Mzee akatuma mtu. Dakika kumi, begi likaletwa.

Hebu tulitazame jambo hili polepole. Dada yangu anajua Kiswahili, Kinyaturu na sasa Kiarabu. Alikuwa nchini kwake, kwenye ukumbi uliojaa Waswahili, akasikiliza tangazo la Kiswahili kwa makini. Tangazo lilikuwa na maneno kama ishirini na yote aliyaelewa isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lilikuwa tangazo lenyewe. Kisha huko ugenini, mtu asiyemfahamu akamwelewa kwa neno moja la Ikungi, kwa sababu neno lile linaonyesha kitendo na mkono unaweza kukiiga.

Nilipowasimulia wenzangu, yule wa utalii akasema lugha ya anga ni Kiingereza. Ni kweli, kwa rubani na mwongoza ndege. Hao wanazungumza wao kwa wao, na wamesomea. Dada hakuwa anaongoza ndege, alikuwa anaambiwa atoe dawa yake kwenye begi.

Mwingine akaniambia nimekuwa mtakasa lugha, nataka tufukuze maneno ya kigeni. Hapana. Begi ni neno la kigeni. Tiketi, basi na viza ni ya kigeni. Sanduku na shanta zilitoka kwa Waarabu. Lugha inayosafiri hukusanya mizigo njiani, na Kiswahili kimesafiri. Trolley nalo ningelikaribisha, kama kiti chake kisingekuwa kimekaliwa na toroli la mchanga. Sijali sana neno limetoka wapi. Najali kama anayelisikia kwa mara ya kwanza anaweza kutazama chini, kwenye mkono wake mwenyewe, akakiona kinachotajwa.

Kwa kipimo hicho, "mzigo wa mkononi" ni jina la tiketi: linataja haki yako ya kilo 7, ila halitaji kitu. Mkoba wa mgongoni ni mzigo wa mkononi, na pochi vilevile. "Mkoba" ni neno zuri, ila bara wengi tukilisikia tunafikiria pochi ya mama. "Sanduku la kukokota" linaeleweka. "Begi la matairi" linaeleweka zaidi, hata kwa mtoto. Na "begi la kuburuza" linaeleweka kwa ishara ya mkono tu. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967 na kazi yake mojawapo ni istilahi. Likiamua moja kati ya haya, nitalifuata bila kinyongo. Lakini hatuhitaji kungoja. Rambo halikungoja baraza. Shangazi kaja halikungoja. Anayesoma matangazo leo jioni anaweza kusema "wenye mabegi madogo ya matairi, toeni dawa na karatasi zenu", na haitamgharimu senti.

Nasema haya kwetu sisi tunaosoma hapa kwa sababu muda si mrefu ndio tutakuwa wenye vipaza sauti. Kati yetu wamo watakaokaa uhamiaji, hospitali, benki, mahakamani, na kwenye hilo jengo la tatu. Tutaandika fomu na matangazo. Siku hiyo tutakuwa na maneno mawili mkononi, moja la kutufanya tuonekane tumesoma, jingine la kumfanya mama wa Ikungi ajue anaambiwa nini. Uchaguzi huo tutaufanya kila siku, na hakuna atakayetusahihisha, kwa sababu asiyeelewa huwa hasemi. Hugeuka tu kutazama nani mwenye toroli.

Dada yuko salama. Alihama nyumba ile ya kwanza, sasa yupo kwa watu wanaomlipa kwa wakati. Mwaka huu wasichana wengine wawili wa kijijini kwetu walikuwa wanajiandaa kwenda, na mama mkubwa akamwomba awape maelekezo. Akatuma sauti ya dakika nne, nusu Kiswahili, nusu Kinyaturu. Imezunguka simu zote za kijiji. Anasema mengi humo, ya mkataba, ya kutunza pasipoti, ya namba za kukariri kichwani badala ya kuandika. Karibu na mwisho anapunguza mwendo, kama anayewasomea imla: "Na mkiwa pale mnasubiri, mkisikia trolley, msitafute la mtu. Ni hilo begi lenu la kuburuza. Fungueni zipu ya mbele, toeni vitu vyenu."